Kalamu ya gesi au kalamu ya betri? Kabla hujatoa pesa mfukoni, nisikilize

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ya kuandika programu imenibana kweli kweli. Lakini wiki hii jamaa mmoja tuliyesoma naye chuo kikuu aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: "Nina shilingi elfu nne tu. Ninunue kifaa cha kulehemu cha gesi au cha betri?" Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona jibu linazidi kurefuka, nikasema afadhali niliandike mara moja kwa faida ya wote.

Kwanza tuelewane. Kulehemu ninakozungumzia si kule kwa kuchomelea mageti pale jua kali. Ni kule kwa kuunganisha waya na vipuri vidogo kwenye ubao wa saketi kwa kutumia risasi iliyoyeyushwa. Kifaa chake kinafanana na kalamu nene yenye ncha ya moto. Ile ya kawaida huchomekwa ukutani, na kama wewe unafanyia kazi nyumbani pekee na stima haikusumbui, nunua hiyo na uende zako. Ni rahisi na inadumu. Mimi naongea na yule anayetaka kalamu ya kubeba: anayerekebisha redio ya babu kijijini, anayefunga sola juu ya paa, au anayeishi mahali ambapo stima hupotea kila mvua ikinyesha. Na tusidanganyane, stima inaweza kupotea popote. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na Desemba mwaka huo huo ikawa vivyo hivyo tena.

Mimi mwenyewe nilianza na kalamu ya gesi. Niliinunua Luthuli Avenue kwa shilingi 2,800 na nilijiona mjanja kweli. Haina waya, haina chaja, unajaza gesi ya kiberiti, unabonyeza, inawaka. Baada ya nusu dakika hivi ncha inayeyusha risasi. Nilimwonyesha kila mtu aliyekuja nyumbani, nusura niionyeshe paka.

Kisha nikaenda kwa mama, Ol Kalou. Mama anafuga kuku, na alikuwa amenunua mashine ndogo ya kuangulia mayai. Ndani yake kuna kidhibiti joto, kibao kidogo cha volti 12 chenye kihisio, ambacho huwasha na kuzima taa ili mayai yakae kwenye nyuzi 37.5. Mashine ilikuwa na mayai 88 yaliyofikisha siku ya 16. Yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa, kwa hivyo walikuwa wamebakisha siku tano tu. Waya wa kihisio ulikuwa umekatika pale unapoingia kwenye ubao. Stima ilikuwa imepotea na mashine ilikuwa ikiendeshwa kwa betri ya gari. Mama akasema, "Mwanangu, si wewe umesomea mambo ya tarakilishi? Hebu itazame."

Nikatoa kalamu yangu ya gesi kwa mbwembwe. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na wanaoijua Nyandarua wanajua baridi ya saa hiyo. Kalamu ikawaka kwa shida, ncha haikutaka kuyeyusha risasi. Nikafungua gesi hadi mwisho. Bado. Nikaishika mkononi ipate joto, na ghafla ikashika moto sawasawa, kupita kiasi. Nilipoigusisha kwenye ubao, risasi iliyeyuka, lakini pia kile kipande chembamba cha shaba kinachoshikilia waya kikabanduka kutoka kwenye ubao kama gamba la kidonda. Nikaunganisha waya kwingine kwa namna ya kubahatisha. Ikafanya kazi. Nikajipongeza, nikanywa chai.

Usiku kiungo kile kikaachia. Kidhibiti hakikujua tena joto ni ngapi, taa ikazima, na tulipoamka mayai yalikuwa baridi. Hatukupata hata kifaranga kimoja. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukungoja stima irudi?" Pesa za vifaranga wale zilikuwa zimeshapangiwa kazi, na nililipa mimi, lakini swali lile halijanitoka hadi leo.

Nilirudi Nairobi nikiwa na aibu, nikaanza kusoma. Nilichojifunza ndicho ninachotaka kukuambia. Watu wengi wakilinganisha gesi na betri hulinganisha nguvu: ipi ina moto mwingi, ipi inakaa muda mrefu. Hilo ni swali la pili. Swali la kwanza ni hili: je, kalamu yako inajua ncha yake ina joto kiasi gani?

Tuanze na gesi, maana nayo ina haki yake. Gesi ya kiberiti ni butani. Gramu moja ya butani ina nishati ya kama kilojuli 45. Tangi la kalamu la mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, hubeba karibu gramu 6. Piga hesabu, utapata wati-saa 73 hivi. Sasa chukua pawabanki ya mAh 20,000, ile nzito inayovuta mfuko wa suruali chini. Betri zake ni za volti 3.7, kwa hivyo ndani yake kuna wati-saa 74. Yaani vijiko viwili vya gesi ni sawa na pawabanki nzima! Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya joto la gesi hutoroka na hewa inayotoka ubavuni mwa kalamu, lakini hata hivyo huwezi kuidharau. Na ikiisha, unajaza kwa sekunde chache. Pawabanki utaingoja saa kadhaa.

Ndani ya kalamu nyingi za gesi mna kichocheo, kijiwavu kidogo kilichopakwa platinamu. Gesi ikichanganyika na hewa na kupita hapo, huungua bila mwali unaoonekana, na ncha inapata joto. Ni ubunifu mzuri sana. Shida ni kwamba hakuna anayepima. Kile kigurudumu unachozungusha hakiweki halijoto, kinaweka tu kiasi cha gesi kinachopita. Ncha ikiwa hewani bila kugusa kitu, joto linapanda, na linaweza kupita nyuzi 400. Ukiigusisha kwenye shaba pana, linashuka. Upepo ukivuma, linashuka. Tangi likiwa la baridi, ndio kama nilivyokusimulia. Butani huchemka kwenye nyuzi sufuri hivi, kwa hivyo kadiri baridi inavyokaribia hapo ndivyo shinikizo ndani ya tangi linavyopungua. Kwenye nyuzi 20 butani safi ina shinikizo la takriban ba 2. Kwenye nyuzi 8 inabaki na kama 1.4. Isitoshe, gesi yenyewe ikitoka hupoza tangi. Mimi nilifungua hadi mwisho kwa sababu ya baridi, tangi likapata joto la mkono wangu, na mambo yakageuka ndani ya sekunde chache.

Sasa linganisha na kinachohitajika. Risasi ya kawaida yenye asilimia 63 ya stani na 37 ya madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile isiyo na madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hadi 220. Ncha unaitaka kati ya 320 na 350, uguse sekunde mbili au tatu, uondoke. Ukiwa chini sana, kiungo kinashika nje tu, ndani hakikuyeyuka, na kitaachia siku moja usiku wa manane. Ukiwa juu sana, gundi inayoshika shaba kwenye ubao inaungua. Mimi nilifaulu kufanya makosa yote mawili asubuhi moja.

Kalamu za betri nazo si za aina moja, na hapa ndipo watu wanapoibiwa. Nimezikuta za aina tatu.

Ya kwanza ni ile ya USB ya kawaida, volti 5. Ina waya mwembamba na unaichomeka kwenye pawabanki yoyote. Volti 5 mara ampea 2 ni wati 10, na nyingi hazifiki hata hapo. Inatosha waya wa spika za masikioni. Ukigusa waya mnene tu, ncha inapoa na risasi inaganda kama uji wa jana. Ni rahisi, lakini ukinunua leo mwezi ujao utanunua nyingine.

Ya pili ina betri yake ndani. Inapendeza macho, lakini betri ikizeeka kalamu nzima imekwisha, labda uweze kuifungua. Kama inatumia betri ya 18650 inayotoka, ile ya duara iliyo ndefu kidogo kuliko betri ya redio, hiyo ni afadhali, maana utanunua betri nyingine. Ila uwe macho. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9,900, huo ni uongo mtupu. Betri nzuri za umbo hilo zina mAh 2,500 hadi 3,500, na hata za kisasa kabisa huzunguka 4,000 hivi. Dawa yake ni mizani: 18650 halisi huwa na uzito wa gramu 45 na kidogo. Ikiwa nyepesi kama ganda la yai, irudishe.

Ya tatu ndiyo niliyonunua mimi. Haina betri ndani hata kidogo. Ina tundu la USB-C, na nyingi zina pia tundu la duara kama la chaja ya tarakilishi ya mapajani. Inakula chochote kati ya volti 12 na 24 hivi. TS100 ya Miniware ilianza kupata umaarufu kwa mtindo huu, japo yenyewe ilikuwa na tundu la duara kwa umeme wake, na mwaka 2020 kampuni ya Pine64 ikaleta Pinecil, ambayo huuzwa kwa dola 26 hivi, yaani kama shilingi 3,400 kabla ya usafiri na ushuru. Kuna nyingine za Kichina zinazofanana nazo. Ndani yake mna kompyuta ndogo, na programu yake, IronOS, ni huria. Unaweza kuisoma, kuibadilisha na kuiweka upya. Mimi kama mwandishi wa programu nilipoona hivyo nilikaribia kulia. Kalamu ya kulehemu yenye programu huria!

Lakini acha nikuambie kwa nini programu hiyo ni muhimu hata kwa mtu ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja. Ndani ya ncha mna kipashio na kihisio cha joto pamoja. Programu inazima kipashio kwa muda mfupi sana, inapima joto, inalinganisha na ulilotaka, inaongeza au kupunguza stima, inarudia. Inafanya hivyo mara nyingi kila sekunde. Ukigusa shaba pana, inagundua joto limeshuka na inasukuma zaidi. Ukiiweka mezani na kuisahau, inahisi kwamba haijatikiswa, inajipunguza yenyewe. Ni kazi ile ile ambayo kidhibiti cha mama kilikuwa kikiwafanyia mayai. Nilikuwa nimechukua kifaa kisichojua joto lake kwenda kutengeneza kifaa ambacho kazi yake ni kujua joto. Nikikumbuka nacheka, lakini si sana.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji hawatakuambia. Kalamu hizi hutegemea sana volti unayozipa. Ncha za mtindo wa TS100 zina ukinzani wa omu 8 hivi. Nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa ukinzani. Kwa volti 12, yaani betri ya gari au ya sola, unapata wati 18. Kwa volti 20 za pawabanki ya USB-C yenye mfumo wa PD, unapata wati 50. Kwa chaja ya tarakilishi ya volti 19, wati 45. Kwa hivyo mtu akikuambia "kalamu hii ni dhaifu", muulize aliichomeka wapi. Pawabanki inayotoa volti 5 pekee haitakusaidia. Tazama kama imeandikwa 12V, 15V au 20V kwenye orodha ya matokeo yake. Na kabla ya kununua pawabanki mpya, fungua droo. Kama una chaja ya zamani ya tarakilishi iliyokufa, yenye kichwa kinachoingia, umeshaokoa maelfu.

Tufanye hesabu ya mfuko. Bei ni zile nilizolipa mimi, zako zinaweza kutofautiana. Kalamu ya gesi: 2,800, kisha mkebe wa gesi 350 kila baada ya muda, kisha ncha mpya, kwa sababu moto usiodhibitiwa hula ncha haraka. Gesi chafu huziba kitundu kidogo cha kupitishia na huharibu kichocheo, na kichocheo kikifa unanunua kalamu nyingine. Yangu ilidumu mwaka na miezi kadhaa. Kalamu ya USB-C: kama 4,500 hadi ilipofika mlangoni, na pawabanki niliyonayo huchaji pia simu na tarakilishi yangu. Siku ya kwanza gesi ni nafuu. Mwaka wa pili si nafuu tena. Na bado sijahesabu mayai 88.

Je, nasema gesi ni upuzi? Hapana, na nisikilize vizuri hapa. Binamu yangu hufunga sola huko Kajiado. Mwaka jana nilimpelekea kalamu yangu ya USB-C kwa majivuno, tukapanda juu ya paa, tukajaribu kulehemu waya mnene unaotoka kwenye paneli. Upepo unavuma, waya unameza joto kama mchanga unavyomeza maji, na tulikuwa tumeichomeka kwenye betri ya volti 12. Wati 18, kumbuka. Tulikaa pale tukitazamana. Akatoa kalamu yake ya gesi, akamaliza kwa dakika moja, hakusema neno. Kwa waya minene, kukaza mipira ya kuhami kwa hewa ya moto, na kazi ya siku nzima mbali na stima, gesi inashinda. Hapo hakuna kipande chembamba cha shaba cha kubandua, na moto wa ziada haudhuru.

Usalama nao usichukuliwe kwa mzaha. Kamwe usijaze kalamu ya gesi kutoka kwenye mtungi wa jikoni. Nimeona vijana wakijaribu kuunda mpira wa kuunganishia. Gesi ya kupikia imechanganywa na propani, ambayo kwenye nyuzi 20 ina shinikizo la zaidi ya ba 8, mara nne ya butani. Kitangi cha plastiki hakikuundwa kwa hayo. Jaza nje, zima moto wote, ngoja dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Kumbuka pia ile hewa ya moto inayotoka ubavuni. Mimi iliyeyusha waya wa jirani ambao sikuugusa kabisa. Kwa upande wa betri, usitumie lithiamu iliyovimba au kuchubuka, na usiiache ikichaji juu ya godoro. Kama unasafiri kwa ndege, gesi itabaki nyumbani. Pawabanki iliyo chini ya wati-saa 100 unaruhusiwa kwenye mkoba wa mkononi. Na kwa zote mbili, fungua dirisha na unawe mikono kabla ya kula, maana madini ya risasi ni sumu.

Basi jibu langu kwa rafiki yangu mwenye shilingi elfu nne ni hili. Kama kazi yako ni bao za saketi, simu, redio, vidhibiti, kitu chochote chenye vipuri vidogo, usinunue gesi kwa sababu tu leo ni nafuu kwa elfu moja na kitu. Ngoja mwezi mmoja, ongeza, nunua kalamu inayopima joto lake. Usinunue ile ya volti 5 kwa kukata tamaa. Kama kazi yako ni waya minene juu ya paa na chini ya magari, nunua gesi bila aibu, na ununue gesi safi. Na kama unafanya zote mbili, anza na ile ambayo makosa yake yatakugharimu zaidi.

Mama alipata kidhibiti kipya. Nilikilehemu mimi, kwa nyuzi 330, juu ya meza yake ya jikoni, pawabanki kando ya birika. Nililala kwenye kiti karibu na mashine usiku ule wote, ingawa hakukuwa na haja. Siku ya 21 vifaranga walitoka. Si wote, lakini wengi.

Wewe unatumia gani, na ilikuharibia nini? Nieleze, nami nitajifunza. Hadi wakati mwingine, kaeni salama.